Theluji ya Kibo Yapungua: Maji Yetu Yatoka Wapi?

Ndugu msomaji, kama wakaa Bomang'ombe, au umepata kupita hapo kwa basi liendalo Arusha, bila shaka umeinua macho asubuhi na mapema, kabla ya mawingu kupanda, ukaona kilele cha Kibo kinang'aa juu ya mashamba. Hapo chini ni vumbi, jua kali, na mahindi yanayongoja mvua kwa wasiwasi. Kule juu ni weupe. Si ajabu basi kwamba mtu akifungua bomba na kuona maji baridi yakitoka, hufikiri moyoni: "Haya ni maji ya theluji."

Lakini weupe ule wapungua. Mzee aliyezaliwa miaka ya 1940 atakuambia kwamba kofia ya mlima ilishuka chini zaidi alipokuwa mtoto, na anasema kweli. Kwa sababu hiyo wengi husema kwa hofu: "Theluji ikiisha, na maji yatakwisha." Je, ni hivyo? Leo tutalitazama jambo hili polepole, maana mtu asiyejua mtungi wake uko wapi hawezi kuulinda usivunjike.

HABARI ZA THELUJI YENYEWE

Wachagga walijua habari za weupe wa Kibo tangu zamani. Wazungu walikuja kujua baadaye, nao hawakusadiki upesi. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji hiyo tarehe 11 Mei 1848, akaandika habari zake. Wataalamu wengine wa Ulaya walimcheka. Walisema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta, labda aliona mawe meupe tu.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika juu kabisa, mahali ambapo leo twapaita Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari. Iliwabidi kukata ngazi katika barafu kwa shoka ili waweze kupanda. Meyer alirudi mlimani mwaka 1898, yaani miaka tisa tu baadaye, naye akaona kwamba barafu imekwisha kurudi nyuma. Tangu wakati ule, basi, jambo hili lilikuwa limeanza.

Mwaka 1912 Wadachi wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipima mlima. Kwa kazi yao twajua kwamba barafu ya Kibo wakati huo ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Wewe mkulima wajua ekari: hizo ni kama ekari 3,000. Mwaka 1953 zilibaki kilomita za mraba zipatazo 6.7. Mwaka 2000 zilibaki 2.5 hivi. Mwaka 2011 zilikuwa pungufu ya 1.8, yaani hazikufika ekari 450. Mtu aliyekuwa na shamba la ekari 3,000 akabakiwa na ekari 450, majirani hawangesema kwamba amepunguza shamba. Wangesema amefilisika.

Mwaka 2000 mtaalamu wa Marekani, Lonnie Thompson, alipanda na wenzake pamoja na wapagazi wengi, wakatoboa barafu mahali sita na kuchukua vipande virefu mfano wa miwa. Barafu huwa na matabaka, na kila tabaka lina habari za miaka yake: vumbi la miaka ya ukame, na dalili za miaka ya mvua. Walikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka ipatayo 11,700. Mwaka 2002 walitangaza kwamba huenda barafu yote ikatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na vipande vingine vingali vipo. Lakini tusicheke. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilieleza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya yatazamiwa kutoweka kabla ya mwaka 2050. Mgonjwa akipitisha siku aliyotajiwa na mganga, haina maana kwamba amepona.

SABABU SI MOJA

Watu hupenda kusikia sababu moja, lakini hapa ziko zaidi ya moja. Kwanza, hewa ya upande wetu wa Afrika ilianza kuwa kavu zaidi mwishoni mwa karne ya 19. Kule juu kabisa baridi ni kali sana, na barafu nyingi haiyeyuki ikawa maji. Jua huipiga, nayo hugeuka mvuke na kupotea hewani, kama nguo iliyoanikwa inavyokauka pasipo kuona maji yakidondoka. Barafu isipopata theluji mpya, hula akiba yake mwenyewe.

Pili, dunia nzima imekuwa na joto zaidi. Viwanda, magari, na kuchomwa kwa makaa ya mawe na mafuta vimetia angani hewa ya ukaa kwa wingi, nayo huzuia joto lisitoke, kama blanketi juu ya mtu aliyelala. Jambo hili halikuanzia Machame wala Bomang'ombe. Mkulima wa Hai mwenye jembe na ng'ombe wawili amechangia kidogo mno. Hata hivyo ndiye anayeona mvua za vuli zikichelewa na masika yakikatika kabla mahindi hayajakomaa. Yafaa kusema wazi kwamba hiyo si haki.

WENZETU WA KASKAZINI

Tusidhani kwamba twapatikana sisi peke yetu. Kaskazini kabisa mwa dunia iko nchi iitwayo Aktiki, ambako bahari yenyewe huganda, na watu huweza kutembea juu yake. Huko wako Wainuiti, wawindaji wa sili na samaki, na Wasami, wafugaji wa wanyama wenye pembe wafananao na kulungu. Tangu mwaka 1979 vyombo vilivyo angani huipima barafu hiyo ya baharini. Imepungua sana, na mwezi Septemba 2012 ilikuwa ndogo kuliko wakati wowote tangu kupimwa. Joto la huko huongezeka upesi mara kadhaa kuliko wastani wa dunia nzima.

Mwaka 1996 nchi nane za upande huo, pamoja na Kanada, Urusi, Norwe na Marekani, ziliunda Baraza la Aktiki ili zishauriane juu ya kutunza nchi, bahari na viumbe vyake. Na hapa pana jambo la kujifunza: vyama vya wenyeji vilipewa nafasi ya kudumu katika baraza hilo. Mwindaji aliyefundishwa na babu yake hujua barafu ipi itamchukua na ipi itapasuka chini ya miguu. Mtaalamu mwenye vyombo hujua barafu imepungua kiasi gani. Kila mmoja ana nusu ya maarifa.

Lakini kuna tofauti kubwa kati yao na sisi. Kwa Mwinuiti barafu ni njia yake, uwanja wake wa kuwinda, na makao ya wanyama anaowala. Barafu ikiondoka, maisha yake yaondoka nayo. Kwetu sivyo. Barafu ya Kibo ni uzuri wa mlima, huleta wageni na fedha zao, na ni kumbukumbu ya maelfu ya miaka. Kuipoteza ni hasara kweli. Ila maji yako, ndugu msomaji, hayatoki huko.

MTUNGI NI MSITU

Sikiliza hesabu hii. Kule kileleni mvua na theluji ya mwaka mzima ni kidogo sana, haifiki hata milimeta 200. Ni kama jangwa. Bomang'ombe nako mvua ni chache. Lakini katikati, penye msitu upande wa kusini, kiasi cha mita 2,200 juu ya bahari, hunyesha zaidi ya milimeta 2,500 kwa mwaka. Wataalamu waliochunguza mlima wameeleza kwamba katika kila sehemu 100 za maji yanayotoka mlimani, 96 hutoka katika ukanda wa msitu. Maji ya barafu ni kidogo mno katika hesabu hiyo.

Msitu hufanyaje kazi hii? Mvua ikipiga ardhi tupu, hukimbia na udongo mpaka mtoni, na kesho yake mto umekauka. Ikipiga msitu, hupokewa na majani, hushuka polepole juu ya shina, huingia katika takataka laini za majani makuukuu, na kuzama chini. Huko chini hutembea katika miamba ya mlima, hutokeza mbali kama chemchemi. Chemchemi za Njoro mjini Moshi, na zile za Rundugai kusini ya Bomang'ombe ambako maji meupe hutoka katikati ya nchi kavu, ni mvua ya mlimani iliyosafiri chini ya ardhi.

Tena miti ya juu kabisa hufanya kazi nyingine ya ajabu. Imeota ndevu za kijani zinazoning'inia matawini. Ukungu ukipita, ndevu hizo hushika matone na kuyadondosha chini, hata siku isiyo na mvua. Mti huo ni kama mama anayekamua wingu.

Maji hayo hayaishii Hai. Kikafu na Weruweru huingia katika mto Kikuletwa, nao hunywesha mashamba ya miwa ya TPC Arusha Chini, hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, hugeuza mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, kisha huingia baharini. Mtu anayewasha taa ya umeme wa Pangani anatumia ukungu ulionaswa juu ya Machame. Na Bomang'ombe yenyewe hunywa maji yaliyoletwa kwa mabomba kutoka mteremkoni, yanashuka yenyewe pasipo mtambo wa kuyasukuma. Jina la mradi wa maji wa Uroki-Bomang'ombe laonyesha wazi: wa juu na wa chini wamefungwa kwa bomba moja.

ADUI NI MOTO

Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa na mazoea ya kwenda kwa ndugu yake Kibo kuomba moto. Alikwenda mara nyingi, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi ana meno-meno mpaka leo. Hadithi ni ya kuchekesha, lakini moto mlimani si wa kuchekesha hata kidogo.

Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alitangaza mwaka 2005 kwamba tangu mwaka 1976 moto ulikuwa umekula msitu wa juu wapata kilomita za mraba 150, na mpaka wa msitu umeshushwa chini kwa mamia ya mita. Miti iliyoungua ndiyo ile yenye kukamua mawingu. Kwa makadirio yake, maji ya ukungu yanayopotea kila mwaka yalingana na maji ya kunywa ya watu milioni moja, ndio watu wote waliokaa mlimani wakati huo. Theluji inapotoweka, dunia nzima hupiga picha na kusikitika. Msitu ulipoungua, ni wachache walioona, na hasara ya maji ilikuwa kubwa zaidi.

Mwezi Oktoba 2020 moto uliwaka upande wa njia ya Marangu, ukateketeza zaidi ya kilomita za mraba 90 za vichaka na nyasi, yaani zaidi ya ekari 22,000. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na wanafunzi wa Chuo cha Mweka miongoni mwao. Oktoba 2022 moto ukawaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Hewa ikiwa kavu, moto mdogo huwa mkubwa upesi. Lakini hewa kavu haiwashi kiberiti. Aghalabu ni mkono wa mtu: mrina asali aliyefukuza nyuki kwa moshi kisha akaacha kinga, jangili aliyepika usiku, au mwenye shamba aliyechoma mabua siku ya upepo.

KUNI ZA MAMA

Sasa twafika penye shida yenyewe. Serikali imeulinda msitu huu tangu zamani. Mwaka 1921 ulitangazwa kuwa msitu wa akiba. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kando yake, ili Wachagga wapate kuni, mbao na majani ya ng'ombe. Mwaka 1973 sehemu ya juu ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1987 ikatiwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2005 msitu wa asili nao ukaingizwa katika hifadhi.

Sheria hizo zilikuwa na sababu. Mwaka 2001 wataalamu waliruka kwa ndege juu ya msitu, wakaona maelfu ya mashina ya miti ya asili iliyokatwa, hasa mkulo wenye mbao nzuri, na mashimo ya kuchomea makaa. Lakini mwanamke wa kijiji cha mpakani, mwenye ng'ombe mmoja bandani na watoto watano jikoni, hauzi mkulo. Yeye alikwenda kutafuta mzigo wa majani na tita la kuni kavu. Masharti yalipokaza, mzigo ulimwangukia yeye kwanza.

Mwaka 1967 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu zaidi ya 650,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya 1,860,000. Kihamba kilichomtosha babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Ukimwambia mtu "usiende msituni" pasipo kumwonyesha kuni ziko wapi, umemwambia ale chakula kibichi. Basi kuulinda msitu na kumtafutia mama huyu kuni ni kazi moja. Anayefanya ya kwanza na kuiacha ya pili atashindwa zote mbili.

TUFANYE NINI?

Barafu ya Kibo hatuwezi kuifunika kwa mablanketi. Lakini mambo haya yamo mikononi mwetu.

Kwanza, moto. Kila kijiji cha mpakani kiwe na watu waliochaguliwa, wenye zamu katika miezi ya kiangazi, na warina asali wafundishwe kutumia mizinga ya kisasa na bomba la moshi. Aliyeona moshi asinyamaze kwa kumwonea haya jirani.

Pili, kuni zioteshwe nyumbani. Migrevilea mpakani mwa shamba hukatwa matawi kila mwaka na mti hubaki. Jiko banifu hula kuni kidogo kuliko mafiga matatu. Mwenye ng'ombe bandani aweza kupata gesi ya samadi. Na majani ya mifugo yapandwe kwenye kingo za matuta, hapo hapo yatazuia udongo usiondoke.

Tatu, kihamba kisiwe uwanja mtupu. Migomba, kahawa, na juu yake mringaringa: huo ni msitu wa pili, uliopandwa na babu zetu kwa akili zao. Mwaka 2011 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua ukulima huu huko Shimbwe Juu kuwa urithi wa thamani kwa dunia nzima. Yasikitisha kuona watu wa mbali wakiusifu wakati sisi twakata kivuli ili kupata mbao za mwaka mmoja.

Nne, chemchemi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mikalitusi isipandwe hapo, kwa kuwa hunywa kama mlevi. Pandeni mikuyu.

Tano, mfongo. Wazee walichimba mamia ya mifongo kwa mikono, wakapima mteremko kwa macho, wakawekeana zamu, na asiyefika siku ya kusafisha alilipa faini. Leo mifongo mingi yavuja, na maji mengi hupotea kabla ya kufika shambani. Kuitengeneza kwa saruji ni gharama, lakini kurudisha zamu na adabu yake hakuhitaji saruji. Watu wa juu wakifungulia usiku kucha, watu wa Bomang'ombe huamka mabomba yakiwa makavu, kisha hufuata ugomvi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa twaweza kuwaiga wale wa Kaskazini. Bwana maji wa Ofisi ya Bonde la Pangani iliyoko Moshi anajua vipimo vya mto. Mzee wa mfongo anajua chemchemi ipi ilikufa, na mwaka gani. Misioni za Kilema na Kibosho ziliandika kiasi cha mvua kwa miaka mingi, na kwa vitabu hivyo wataalamu walijua kwamba mvua ya mteremkoni imepungua katika karne iliyopita. Mtu aliyesoma kipimo kila asubuhi, bila kujua nani atakisoma, alifanya kazi kubwa. Shule yako yaweza kufanya hivyo pia. Kopo lililopimwa vizuri, rula na daftari vyatosha kuanza.

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba katika bonde moja la Kilimanjaro umepatikana mti mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa Afrika, mita 81.5. Ulikuwa umesimama hapo mamia ya miaka, ukipokea mvua na kuishusha chini, pasipo mtu kuutangaza. Iko mingi midogo kuliko huo inayofanya kazi ile ile usiku na mchana.

Basi jioni hii, mkimaliza kula, waulize watoto wako: maji tuliyokunywa yametoka wapi? Wakijibu "bombani," usiwakemee. Siku ya mapumziko wachukue, mfuate bomba au mfongo kwenda juu hadi mnapoweza kufika kihalali, mtazame hali ya chanzo chenu. Mkikuta pamekatwa, rudini na miche kabla ya mvua za masika.